Unataka pikipiki yako ijae nyuma? Pima kwanza!

HAKUNA mtoto wa mjini aliyewahi kukaa kwenye banda la video asiyemkumbuka Arnold Schwarzenegger na lile dude lake kwenye Terminator 2, filamu ya mwaka 1991. Jamaa kavaa miwani nyeusi, koti la ngozi, bunduki mkononi, anaruka na pikipiki nzima hadi kwenye mfereji wa maji pale Los Angeles ili kumwokoa yule dogo asikanyagwe na lori. Mabanda mengi yamekufa, lakini ile picha haijawatoka watu kichwani. Na ukiwauliza washikaji ni kitu gani kiliwamaliza zaidi, wengi watakwambia: tairi la nyuma. Nene, limejaa, kama limelelewa kwa ugali wa dona.

Sasa ngoja nikuvunje moyo kidogo. Pikipiki ile ni Harley-Davidson Fat Boy, na zile za miaka ya mwanzo zilitoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa MT90-16, mbele na nyuma. Kwa namba tulizozizoea siku hizi, hiyo ni kama 130/90-16. Yaani upana wa milimita 130 tu! Kilichokuwa kinatudanganya macho ni ubavu mrefu wa tairi, rimu zilizozibwa kama sahani na madigadi iliyoshuka ikalifunika gurudumu. Unene wenyewe haukuwepo.

Nimeanza na hilo kwa sababu ya mshikaji wangu mmoja wa Sinza, ambaye jina lake nalificha ili aendelee kuniazima pikipiki. Jamaa ana Yamaha Virago 535, kruza la silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V, lililopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia yeye. Kwa asiyejua, kruza ni zile pikipiki za kukaa kwa kujinafasi: kiti kiko chini, usukani umekufuata wewe, na mlio wake haukuharakishi. Ukipita nalo kijiweni lazima watu wageuke.

Ila yeye akaona halijakamilika. Tairi la nyuma la kiwandani kwenye Virago 535 ni 140/90-15, na machoni pake likawa linaonekana la baiskeli. Akahangaika, akapata 170/80-15 la mtumba, kashata bado ipo, akaenda nalo kwa fundi mmoja.

"Fundi, hili litaingia?"

Fundi akalitazama tairi, akaitazama pikipiki, akajikuna kichwa. "Likigoma tutalilazimisha, kaka."

Kwa maoni yangu, pale pale jamaa alitakiwa abebe tairi lake arudi nyumbani. Hakurudi. Tairi lilipogusa swingamu, yaani ule uma wa chuma wa nyuma unaoshika gurudumu, fundi akachukua grenda akaukwangua kwa ndani. Likazunguka bila kugusa. Jamaa akalipa, akacheka, akaondoka.

Jioni hiyo hiyo akampitia mchumba wake, wakashika Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Kila wakipita kwenye bonde au tuta, kishindo kidogo, halafu harufu ya mpira unaoungua. Jamaa akajua ni mambo ya mjini tu, kuna mtu anachoma taka. Maeneo ya Tangi Bovu, giza limeshaingia, daladala ikatokea nyuma yao inapiga honi kama imechanganyikiwa, ikawakosa kwa nafasi ambayo hata yeye hapendi kuitaja. Konda akatoa kichwa dirishani: "We bwana! Huna taa!"

Akasimama pembeni, akamulika kwa simu. Bolti ya ndani ya madigadi ilikuwa imechora mfereji kuzunguka tairi zima, na zile nyaya za taa ya nyuma, ambazo kwenye pikipiki nyingi hupita chini ya madigadi, zilikuwa zimekatwa kama kwa wembe. Taa ya nyuma hakuna, taa ya breki hakuna. Yule binti alishuka, akavua helmeti, akamkabidhi, akasimamisha bajaji. Hakusema neno hata moja. Uchumba haukuvunjika, lakini wiki ile jamaa alikuwa mpole sana.

KILICHOMPATA

Mshikaji alidhani amenunua upana. Kumbe kanunua na urefu pia. Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo.

Ubavuni mwa tairi imeandikwa 140/90-15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ubavu ni asilimia ngapi ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo asilimia 90 ya 140 ni milimita 126. Ziko mbili, juu na chini, jumla 252. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha: tairi lina kimo cha milimita 633.

Njoo kwenye 170/80-15. Asilimia 80 ya 170 ni 136. Mara mbili ni 272. Ukiongeza 381 unapata 653. Tairi limekuwa refu kwa milimita 20, maana yake limeisogelea madigadi kwa milimita 10. Na pikipiki ikibeba mtu wa pili, shokapu zinabonyea, gurudumu linapanda juu zaidi. Pale gereji lilizunguka vizuri kwa sababu hakuna aliyekuwa ameikalia.

Na usidhani ukichukua saizi ya kati umepona. 150/90-15, ambayo watu wengi huiona ni hatua ndogo tu kutoka 140, ina kimo cha milimita 651. Karibu sawa kabisa na ile 170! Upana umeongezeka milimita 10 tu, lakini kwa kimo madigadi yako ipo kwenye hatari ile ile. Ndiyo maana mtu akikwambia "ongeza saizi moja tu, haina noma", mwombe kwanza akupigie hiyo hesabu.

Baada ya saizi kuna alama nyingine ambazo watu huziruka. Kwenye 140/90-15 M/C 70S, ile M/C inasema hili ni tairi la pikipiki, siyo la gari. Namba 70 ni uzito: tairi hilo linabeba hadi kilo 335. Herufi S ni mwendo: kilomita 180 kwa saa. Ukipata tairi pana lakini namba yake ya uzito au herufi yake ya mwendo iko chini ya ya kiwandani, umejirudisha nyuma, hata kama linaonekana la kutisha. Angalia pia mshale wa mzunguko, na kama limeandikwa ni la mbele au la nyuma.

RIMU NDIYO MWENYE NYUMBA

Hili ndilo wengi hawalijui, na ndilo linalonikera zaidi. Tairi halikai kwa upana ulioandikwa ubavuni. Linakaa kwa upana ambao rimu imeliruhusu.

Virago 535 ina rimu ya nyuma ya inchi 3. Tairi la 170/80-15 limeundwa likae kwenye rimu ya inchi 3.5 hadi 4.5, kutegemea kiwanda. Ukilibana kwenye rimu ya inchi 3, kingo zake zile zenye waya ndani zinavutwa karibu karibu, mabavu yanasimama, na mgongo wa tairi unachongoka kama yai. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila rimu inapopungua nusu inchi, tairi linapungua kama milimita 5 za upana. Piga hesabu mwenyewe: jamaa kalipia 170, kapata kama 160, na umbo lenyewe limeharibika. Ukiwa umenyooka unatembelea ncha. Tairi linaliwa katikati wakati pembeni bado jipya, na kwenye kona pikipiki inayumba kwa namna ambayo usukani haukuelezi mapema.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, pima rimu yako. Usipime nje kwa nje. Pima ndani, kutoka ukuta mmoja hadi ukuta wa pili, pale tairi linapokaa. Rimu nyingi zimeandikwa kabisa, kwa mfano MT3.00x15, sugua tu uchafu utaona. Kisha tafuta jedwali la kiwanda cha hilo tairi unalolitaka. Kila kiwanda cha maana kinaonyesha saizi fulani inakubali rimu za kuanzia ngapi hadi ngapi. Rimu yako isipokuwemo, achana nalo. Anayelitaka sana basi abadilishe na rimu, asukiwe spoku na mtu anayejua kuinyoosha, na hapo mambo yote ya nafasi yanaanza upya.

UNGA WA NGANO GEREJI

Sasa tuseme rimu inakubali. Swali linalobaki ni nafasi, na nafasi haipimwi kwa jicho.

Pikipiki ipandishwe kwenye stendi imara, gurudumu la zamani likiwa bado lipo. Pima kutoka ubavu wa tairi hadi kila kitu kilicho jirani: swingamu pande zote mbili, mkono unaoishika sahani ya breki, cheni au mkanda, na kama ni ya shafti, lile bomba la shafti. Pima pale palipobana kuliko pote, siyo pale panapokufurahisha. Halafu toa nusu ya upana ulioongezeka. Kama ni kutoka 140 kwenda 150, kila upande unapoteza milimita 5. Mimi nafasi iliyobaki ikiwa chini ya milimita 7 silali usingizi, maana tairi likizunguka kwa kasi linatanuka, hasa haya ya nyuzi za mshazari ambayo makruza mengi ya zamani yanavaa. Yale ya rediali, yenye herufi R katikati ya saizi, hutanuka kwa kiasi kidogo kuliko hayo. Usichanganye aina hizo mbili mbele na nyuma bila kiwanda kuruhusu.

Kwa upande wa juu kuna ujanja wa kizamani ambao naupenda. Fungua shokapu zote mbili za nyuma, pikipiki ikiwa imekingwa isianguke. Bandika madonge ya unga wa ngano uliokandwa chini ya madigadi, hasa kwenye vichwa vya bolti na zinapopita nyaya. Kisha inua gurudumu taratibu kwa jeki mpaka pale ambapo shokapu zingefika mwisho kabisa. Shusha. Unene wa unga uliobaki ndiyo nafasi uliyonayo kwa tairi la sasa. Toa kutoka hapo nusu ya ule urefu ulioongezeka na uone kama kuna kitu kinabaki. Mafundi watakucheka, waambie unapika chapati.

Bolti ndefu zinaweza kugeuzwa kichwa kikae ndani, na nyaya zinaweza kuhamishwa zishikwe juu. Hayo ni marekebisho halali. Lakini grenda kwenye swingamu, hapana. Kile chuma kinabeba uzito wako, wa abiria wako na nguvu yote ya kuvuta na kufunga breki. Ukikipunguza unene umekiandalia ufa, na ufa haupigi simu kabla haujafika.

Wenye cheni wana mtihani wao. Tairi pana huisogelea cheni, na hapo ndipo utamkuta mtu anaweka washa ili sproketi ya nyuma itoke nje. Ya nyuma ikitoka, ya mbele nayo lazima itoke kwa kiasi kile kile, la sivyo cheni inakwenda upande, inakula meno na siku moja inaruka. Na ya mbele ukiitoa sana, beringi ya pale kwenye injini inabeba mzigo ambao haikuumbiwa. Kuna wanaosogeza gurudumu zima pembeni. Hapo tairi la nyuma halifuati tena la mbele, na ukiachia usukani utaona linakupeleka mtaroni. Kwenye shafti huna hata hayo ya kuchezea: bomba limekaa pale lilipo na halihami.

SIKU YA KUFUNGA

Rimu za spoku kama za Virago hutumia tyubu, hata tairi liwe limeandikwa halihitaji. Basi nunua tyubu ya saizi ya tairi jipya. Kuivuta ile ya zamani ijae ndani ya tairi kubwa ni kuifanya iwe nyembamba kama puto, na pancha ya tyubu nyembamba inamwaga upepo wote mara moja.

Wakati wa kujaza, kuna mstari mwembamba umechorwa kwenye tairi pembeni mwa rimu. Uzunguke wote uhakikishe umekaa sawa kila mahali. Ukiona sehemu umezama, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena, lakini usivuke PSI 40 kulilazimisha, kwa sababu tairi likipasuka usoni mwa fundi siyo jambo la kusimulia. Baada ya hapo rudisha upepo kwenye kipimo kinachotakiwa, lisawazishwe, ekseli ikazwe kwa spana yenye kipimo, pini mpya iwekwe, na ule mkono wa breki ufungwe na nati yake. Nauzungumzia huo mkono kwa sababu ukisahaulika, siku utakapokanyaga breki ya nyuma, sahani nzima itazunguka na gurudumu.

Zungusha kwa mkono. Mpandishe mtu mnene kuliko wote kijiweni, mwambie arukeruke kwenye kiti. Sikiliza. Kagua madigadi, kagua nyaya, washa taa, kanyaga breki uone kama taa inawaka. Kilomita 160 za kwanza nenda kistaarabu, tairi jipya lina utelezi.

NA BARABARANI JE?

Wanaotafuta tairi pana husema linashika lami zaidi. Siyo hivyo sana. Kipande cha mpira kinachogusa lami kinategemea zaidi uzito uliopo juu na upepo uliomo ndani. Gurudumu lenye kilo 200 na upepo wa PSI 32 linagusa chini kwa kadiri ya sentimita za mraba 90, liwe jembamba au pana. Ukipanua unapata kipande kilekile, kimelala kwa upana badala ya kwa urefu.

Kwenye kona ndiyo utalijua. Tairi pana linakataa kulala, linataka kusimama, na kwa mwendo uleule inabidi uilaze pikipiki zaidi ya ulivyozoea. Nyuma ikipanda juu, usukani unabadilika kidogo na stendi ya pembeni inaonekana fupi. Pikipiki inalala mno na upepo wa lori tu unaweza kuiangusha. Saa ya mwendo ya Virago haitakudanganya kwa sababu inachukua mzunguko wa gurudumu la mbele, lakini pikipiki ambazo saa yake inasoma nyuma au kwenye giaboksi zitakuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi.

Viwanda vinaweza. Fat Boy ya mwaka 2018 ilitoka na tairi la 240 nyuma, na Honda Fury ilikuja na 200. Ila wao walichora fremu, swingamu, rimu na madigadi vyote pamoja wakijua tairi gani linakuja. Anayeona raha yake yote iko kwenye 170, na akae macho apate Yamaha DragStar 650, ambayo ilivaa 170/80-15 tangu kiwandani.

Ndivyo lilivyoondoka lile tairi la mshikaji wangu, kwa njia nyingine. Lilikuwa limeshachorwa na bolti, halikufaa kuuzwa, likaenda kukaa nyumbani kwao kama kiti cha watoto. Swingamu iliyokwanguliwa aliitoa, akahangaika miezi kadhaa kupata nyingine. Nyuma alirudisha 140/90-15 mpya. Halafu, kwa kuwa roho bado ilikuwa inamuuma, akanunua rangi nyeupe ya matairi, akakaa kibarazani Jumapili nzima na kijiburashi anapaka herufi za ubavuni, huku mchumba wake akimshikia tochi.

Jumatatu akapita nalo kijiweni taratibu. Dogo mmoja muuza kahawa akasimama na birika lake, akalitazama nyuma, akauliza: "Bro, umeongeza tairi nini?"